Utepe wa Pinki Shingoni mwa Pepin

Dada Corinne,

Huku New Hampshire theluji imeyeyuka, vyura wanapiga kelele, na mbwa wetu Pepin bado anamlamba kila mgeni.

Kazi yangu unaijua: nachimba udongo, naunusa, kisha nafunga utepe wa pinki wenye namba kwenye mti pale kinamasi kinapoishia. Jimbo limenipa leseni. Bila muhuri wangu hakuna anayejenga. Juzi nilirudi kwenye kiwanja cha Pelkey, yule tajiri anayejenga nyumba za kuuza, nikakuta tepe zangu zimehamishwa, zinaning'inia majini kabisa, ili kinamasi kionekane kidogo na yeye apate pa kujenga. Nikakataa kugonga muhuri. Akacheka.

"Wewe mama nawe! Kinamasi hakina mdomo. Kitakushtaki wapi?"

Kisha akauliza mbwa wetu anaitwa nani. Nikapanda gari nikaondoka.

Jana Pepin alipotea. Leo asubuhi amerudi mzima, anatikisa mkia. Shingoni amefungwa utepe wa pinki, wenye namba niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Muhuri bado sijagonga. Lakini dada, mwanao Adele asije kwangu likizo hii. Usimtishe mtoto. Mwambie tu mama mdogo anasema mwaka huu mbu wamezidi.

Mdogo wako anayefunga milango mchana,
Lorraine