Waya Uliokatwa Chini ya Gitaa la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijavunja nyumba ya watu kwa bisibisi. Mimi ni fundi wa redio, nimeolewa mwaka wa sita huu, na baba mkwe wangu ni mpiga gitaa, lakini si gitaa la kuning'iniza shingoni, hili limelala kama meza juu ya miguu minne, mpigaji anakaa kwenye kiti, mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikikanyaga pedali, na la kwake lina safu mbili za nyuzi, ya mbele kwa nyimbo za kuchezeka na ya nyuma yenye sauti nzito, na swichi ya kuchagua safu unayoitaka.

Kwa miaka tisa safu ya nyuma haijatoa sauti, ukimuuliza baba anasema, "Swichi imekufa," basi, anaendelea na ya mbele. Mwezi uliopita hata ya mbele ikaanza kukwaruza na kukatika katikati ya wimbo, naye anatakiwa kupiga kwenye harusi ya binti wa marehemu mdogo wake, ndipo akaniambia, "Fundi, nitengenezee hii swichi, ila ya nyuma usihangaike nayo," akaondoka kwenda kupimwa macho.

Sasa mshauri, fundi ukimwambia asihangaike si ndiyo umemwasha? Nikalilaza gitaa juu ya blanketi, nikafungua skrubu, nikakuta swichi imeota kutu ya kijani, nikaisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa, nikapima, inapitisha umeme pande zote, kumbe nzima! Nikaufuata waya wa safu ya nyuma kwa kidole nikakuta umekatwa, tena kwa mkasi, mkato umenyooka, na ncha zimefungwa tepu mbili, ya ndani ya kitambaa, imekauka kama ganda, na ya juu ya plastiki. Nikaulehemu, nikachomeka spika, nikagusa uzi mmoja tu wa nyuma, na sauti nzito ikajaa nyumba nzima.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio, mikono ina povu la sabuni. "Nani kakuambia uguse hiyo?" Nikamwonyesha waya. Akakaa sakafuni akanieleza kwamba mdogo wake baba ndiye alikuwa mwimbaji wake, na alipofariki, baba akawa anashinda kwenye safu ya nyuma kutwa nzima, nyimbo za marehemu tu, hali chakula, hasemi na mtu, suruali zinamvuka, mpaka mama akachukua mkasi wake wa kushonea. "Alipoikosa ya nyuma akarudi ya mbele, na kula akarudi kula," akasema. "Ikate tena mwanangu, kabla hajafika."

Nikamuuliza alifunga tepu mara ngapi. Akasema mara moja, ya kitambaa. Basi ile ya plastiki ni ya nani?

Sikukata. Nimemdanganya baba kwamba nasubiri kifaa. Mume wangu anasema mambo ya wazee niwaachie wazee, lakini mimi silali vizuri, nataka kujua, je, baba anajua? Na nikate, ninyamaze, au niseme?

Ni mimi, Fundi Mwenye Kiherehere

JIBU

Fundi, jina umejichagulia mwenyewe, si mimi niliyekupa. Uliambiwa usihangaike na ya nyuma, ukahangaika nayo. Halafu ukaongeza uongo wa kifaa kisichokuwepo. Udadisi unatengeneza redio, sikatai, lakini redio haina mke wala msiba.

Mama mkwe wako usimwone mbaya. Alimwona mumewe anaisha mbele ya macho yake, akashika kilichokuwa karibu. Ila hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Leo mzee anakula, anajipeleka mwenyewe kupima macho, anajiandaa kwa harusi. Kumkatia waya sasa ni kumtibu mtu mzima wa afya bila kumuuliza, na wewe utakuwa umeshirikiana.

Kuhusu tepu, unaniuliza mimi niliye ofisini, na mwenye gitaa mnakula naye meza moja?

Usikate. Mwambie mama leo hii kwamba hutakata, na hutasema kwa niaba yake. Aseme mwenyewe, wakiwa wawili, kabla ya harusi na si ukumbini. Wewe kaa mbali mpaka uitwe. Na mzee akianza tena kuacha chakula, mpelekeni kwa daktari. Mkasi ubaki kwenye nguo.

BARUA YAKE YA PILI

Mshauri, mama alisema Jumanne baada ya chai. Sikuwa mbali kama ulivyoniagiza, nilikuwa koridoni, nisamehe. Alisema, "Swichi ilikuwa nzima. Waya niliukata mimi." Baba akasema, "Najua. Niliufungua mwaka uleule. Tepu yako ilikuwa inaachia, nikaongeza yangu."

"Ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Ningefanyaje? Nilikuwa nashindwa kuacha mwenyewe. Nikasema, huyu kanisaidia, acha iwe swichi."

Mama akalia, kisha akacheka, kisha akamgombeza mpaka nikataka kuingia kuamua. Baba akaniita, "Fundi, toka huko koridoni, lete gitaa." Nikaleta. Akasukuma swichi nyuma, akapiga wimbo wa mdogo wake, atakaoupiga kwenye harusi. Ulipoisha mama akamuuliza, "Umemaliza?"

"Bado mmoja," baba akasema. "Kaa."

Mama akavuta kiti, akakaa.