Aproni ya Njano

Ilemela, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na mama hajambo. Mimi mzima, ila mkono wa kushoto. Kisu cha minofu ya samaki kiliniteleza kiwandani, na sasa kidole gumba hakikunjiki. Msimamizi wetu, Ndalahwa, kaniambia, "Una aproni ya njano, wewe ni wa wakala. Wakala wako akutibu." Nimeenda kwa wakala aliyeniajiri, naye: "Kwani umekatwa kwangu? Rudi kiwandani." Kidonda kimeanza kunuka. Naogopa watanikata mkono, baba.
Binti yako, Akelo

Shirati, 9 Machi

Mwanangu Akelo,
Marahaba. Goti linasumbua lakini halijanishinda. Mama yako chakula hakipiti kwa kukuwaza. Huku ziwani mvuvi akiumia, mwenye mtumbwi humpeleka hospitali, hata kama kibarua huyo aliletwa na mtu mwingine. Kwani samaki unaowachuna ni wa nani? Nenda ofisi ya kazi ukaulize hivyo hivyo, usione haya.
Baba yako

Ilemela, 30 Machi

Baba,
Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Nilikwenda, nikauliza swali lako, na afisa kazi akaja kiwandani. Akamwambia Ndalahwa, "Nitenganishie wa kiwanda na wa wakala." Sisi wa njano tukasogea ukutani. Mama Modesta, mwenye aproni nyeupe, mtu wa kiwanda tangu zamani, akaivua yake akaiweka mezani. Akafuata jirani yake. Kisha mstari mzima, baba! Sasa afisa asingejua nani wa nani. Nami nikataka kuvua, lakini kwa mkono mmoja fundo la mgongoni lilinishinda. Mtu akanifungulia. Kugeuka, Ndalahwa! Akavua koti lake jeupe, akamwambia afisa, "Hata mimi ni wa wakala. Koti hili nilipewa ili wenzangu waniogope."
Yule tuliyekuwa tukimkimbia!
Nimetibiwa, kidole kimepona. Afisa amesema kiwanda na wakala watajibu wote wawili kwa kuumia kwangu. Ila Ndalahwa ameachishwa kazi.
Binti yako, Akelo

Shirati, 6 Aprili

Akelo mwanangu,
Marahaba. Nilimsomea mama yako barua yako. Mungu ni mkubwa, na watu wake wanashangaza.
Umeandika habari za Ndalahwa kuachishwa kazi kwa mstari mmoja, mwishoni. Mikono yako sasa ni mizima, na njia ya ofisi ya kazi unaijua. Mchukue Mama Modesta, mwende.
Baba yako