Nusu Yangu ya Mnazi

Mpendwa Bi Mwanaima, shikamoo. Naomba msaada wako, maana mimi ni mtu wa haya na hata barua hii naiandika nyuma ya banda la kuku.

Kwetu Mwabungo kila mtoto akizaliwa hupewa mnazi wake, na babu alituachia minazi mingi lakini sisi tumeizidi, hata mimi na kaka yangu Chande tunagawana mmoja, yeye upande wa Shimoni na mimi upande wa Mombasa, na mnazi wenyewe umeinama kwake, kwa hivyo kila nazi inayoanguka ni yake, na juzi mama amejifungua pacha, nami kwa kuwa nimemaliza shule mwaka huu nikamweleza baba somo tulilofundishwa, kwamba watu wakiongezeka na mali isiongezeke, nyumba hudidimia, na nchi vilevile. Baba akanisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Maneno ya kweli, mwanangu. Basi tutaanza kupunguza na wewe."

Sasa anataka kuniozesha kwa Mzee Mbwana, mchuuzi wa mbuzi wa Mackinnon Road, ili pacha wagawane nusu yangu. Nilipomwambia nataka kusomea ukunga akapiga kelele, "Ukunga! Utuzalishie wengine tena?" Posa italetwa baada ya Ramadhani. Nifanyeje?

Mwanarusi

Marahaba, binti yangu. Pole, ingawa umejitakia. Mama yuko kitandani na pacha, wewe unasomesha habari za watu kuzidi! Ulitaka warudi walikotoka?

Lakini hesabu ya baba yako imepinda kuliko mnazi wenu. Kukuoza hakupunguzi mtu, kunamhamisha tu, na huko utazaa, na wanao watamrudia babu yao kudai makuti. Tena watoto hawamngojei mkunga ndipo waje. Yeye huwapokea wakawa hai, na mama zao pia, na hula mshahara wake.

Nenda kwa mjomba wako, posa haipiti bila yeye. Amwambie baba kwamba nusu yako umewapa pacha leo, bila harusi, nawe uende ukasome. Umekwisha kupungua, anataka nini tena?

Ila nimetafuta kitu katika barua yako sikukiona. Babu alipanda, ninyi mnagawana. Nani kwenu amepanda hata mnazi mmoja? Kabla hujaondoka, chukua nazi mbili za Chande, uzipande, kila pacha na yake. Akibisha, mwambie zilianguka upande wa Mombasa.