Ngozi Iliyokaba Tangi

Ánde,

Nimewafuata kulungu wetu wa kufugwa kabla theluji haijalainika. Ndiyo, kwa pikipiki yako ya theluji. Imewaka! Mbwa hajala, supu ipashe moto.

Wiki nzima umebadilisha chujio, umelaumu pampu, umeitukana turbo mpaka mama yako akaziba masikio. Asubuhi nimefungua kifuniko cha tangi: fyuuu! Likavuta pumzi kama mtu aliyekabwa koo. Kumbe ile ngozi ya kulungu uliyoifunga kitini, makalio yako yasipate baridi, ilikuwa imebana mpira wa kupitishia hewa tangini; hewa isipoingia, mafuta hayafiki kwenye injini.

Mpigie fundi wa mjini, mwambie asije. ~~Sitamwambia mtu.~~ Nitawaambia wachungaji kambi nzima.

Ngozi nimeitandika kwenye kiti chako cha jikoni. Ikalie utakavyo, hicho hakina tangi.

Mkeo,
Risten