Mgonjwa Mwenye Mgongo Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Likizo ya uzazi imeanza. Ya baba! Msimamizi wa gereji aliisaini bila maneno mengi, akasema nikalee mwanangu, akaahidi hatamwambia mtu. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme. Wenzangu nimewaambia naumwa mgongo, kwamba niliinua giaboksi vibaya. Wamenielewa papo hapo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima pale kwetu.

Ningesemaje? Mwaka jana fundi wetu wa umeme alichukua likizo kama hii. Aliporudi wakambatiza Mama Mdogo. Mpaka leo madereva wanakuja getini wakiuliza, Mama Mdogo yupo? Taa zangu haziwaki. Anaitika tu.

Mke wangu bado anatembea kwa kushika ukuta. Mshono wa upasuaji. Muuguzi alimkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto. Na mtoto mwenyewe tumeshampa jina la utani: Bosi. Akipiga kelele, watu wazima wawili tunakimbia.

Jumanne, 5 Machi

Nepi! Injini naifungua na kuifunga huku nasinzia, lakini kile kitambaa cha pembe tatu kimenitoa jasho. Nilifunga, nikamnyanyua, nikajipongeza — nepi na vilivyomo vyote vikateremka kifuani kwangu. Mke wangu akacheka huku ameshika tumbo. "Usinichekeshe, utanipasua!" Nilifurahi kumsikia akicheka. Siku nyingi hajacheka.

Nimefua, nikaanika nyuma ya nyumba. Akauliza kwa nini nyuma wakati jua liko mbele. Nikasema kuna upepo. Hakukuwa na upepo. Ila mbele kuna watu wanaopita.

Alhamisi, 7 Machi

Jeki amepiga simu. Ni mwenzangu wa zamu, tunamwita hivyo kwa sababu maisha yake yote yako chini ya magari. Bosi alikuwa begani kwangu, analia kwa nguvu zote. Jeki akanipa pole mara mbili, ya mgongo na ya makelele. Nikaguna kidogo, nikavuta pumzi, ili maumivu yasikike vizuri.

Nilipokata simu nikamkuta binti yangu amesimama ananitazama. Ana miaka minne. Tunamwita Kasuku, hakuna neno linalompita.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya.

Kasuku alikuwa anacheza baba na mama. Alimlaza mdoli sakafuni, akajitupa kwenye kochi, akashika kiuno. "Aaa, mgongo jamani! Siwezi kuja kazini. Mama, mtoto analia huko!" Kisha akaguna. Mguno wangu mwenyewe, haukupungua kitu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Mwanzoni alitabasamu. Halafu akauliza taratibu, huyu kajifunza wapi? Nikamweleza yote.

Hakugomba. Bora angegomba! Aliuliza tu: "Yaani kukaa na sisi ni jambo la kuficha?"

Nikajitetea kwa habari za gereji, na midomo ya wale watu, na lile jina la Mama Mdogo. Nilivyozidi kuongea ndivyo nilivyozidi kujidharau. Nimeona haya leo. Sikuwaonea haya watu wa gereji, nimemwonea haya mwanamke aliyekaa mbele yangu na mtoto amemlalia.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwahidi. Kesho nampigia Jeki, namwambia ukweli, wanipe jina lolote wanalotaka. Mke wangu akasema sawa. Akanisogelea kidogo.

Jumatatu, 11 Machi

Sikupiga. Tumbo la Bosi lilichafuka, Kasuku akagoma kuoga, simu ikaisha chaji. Sababu ninazo tele. Mke wangu hakuuliza, na mimi nilishukuru kwamba hakuuliza. Mwanamume mzima!

Jumanne, 12 Machi

Yamenifika shingoni. Naandika nikiwa kitandani, nimelala ubavu, na wao wako sebuleni.

Nilikuwa nimepiga magoti namwogesha Bosi, simu ikaita. Jeki. Tumemaliza kazi mapema, tumekuja kumwona mgonjwa, tuko hapa kona! Badala ya kusema ukweli nikasema karibuni. Nikamkabidhi mtoto kwa mama yake akiwa bado na povu, nikakimbilia chumbani. Nilikimbia — mimi, mgonjwa wa mgongo!

Mke wangu alinifuata hadi mlangoni, maji yanamdondoka. "Sitakuumbua," akasema. "Lakini usiniombe nidanganye. Na wageni wako watataka chai."

Wakaingia watatu: Jeki, fundi wa breki na Mama Mdogo. Wameleta machungwa na dawa ya kuchua. Jeki akaniambia nigeuke, akanikanda kwa mikono yake ile ya kufungulia nati. Nililia kweli. Wakatikisa vichwa, wakasema hali ni mbaya.

Kasuku akapenyeza kichwa katikati yao. "Jana Baba alibeba ndoo mbili za maji! Halafu akanibeba mimi begani!"

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Ndiyo maana huponi!" akasema fundi wa breki. Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Mama Mdogo peke yake hakucheka. Aliangalia lile rundo la nepi zilizokunjwa miguuni pangu, pembe kwa pembe, kisha akaniangalia mimi.

Wameniacha nipumzike. Ukuta huu mwembamba, nasikia kila kitu. Birika kubwa linajazwa maji. Lile birika nalijua uzito wake. Bosi analia. Jeki anamwambia mke wangu pole shemeji, umejifungua juzi tu na sasa unamuuguza mume. Mke wangu anasema, sukari iko hapo mezani.

Inuka. Najiambia inuka.

Sasa ni Mama Mdogo. "Shemeji, weka hilo birika chini. Wangu pia alipasuliwa, najua. Kaa, nipe mtoto." Jeki anapiga makofi: "Mama Mdogo kazini!" Wanavunjika mbavu. Yeye anambembeleza Bosi kana kwamba hajasikia, na Bosi, msaliti mkubwa, amenyamaza.

Anauliza nepi kavu ziko wapi.

Namsikia mke wangu akiweka kikombe mezani. "Chumbani," anasema. "Kwa baba yake."

Nimekaa. Miguu iko chini. Nepi ninayo mkononi, ya juu kabisa, niliikunja asubuhi. Ningetoka sasa hivi, nimvalishe mwanangu mbele yao wote, ingekuwa kazi ya dakika moja. Hatua zinakuja. Kasuku amewahi mbele, amechungulia mlangoni, ameniona nilivyokaa wima na kalamu yangu. Akaurudisha mlango taratibu, na sasa namsikia upande wa pili, anamzuia Mama Mdogo:

"Subiri, anko. Baba bado hajajilaza."