Mkanda Wenye Uso wa Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifinya masikio kwa kusahau salamu, kwa hiyo siachi hata sasa.

Ni Jumapili asubuhi, nimekaa sakafuni hapa nyumbani Ujiji. Mbele yangu kuna bakuli la maji, na ndani yake mkanda wa filamu ulioganda kwenye bahasha. Ni ile bahasha uliyoiandika kwa wino wa bluu: "Mama Asha. Asiguse mtu." Hakuna picha nyingine ya mama iliyobaki, baba. Ninaogopa.

Mdogo wangu Zuhura ana mimba ya miezi tisa, presha imepanda, na kesho analazwa hospitali. Wewe unajua kwamba yeye aliingia duniani siku ileile mama alipotoka. Picha za mama ulizifungia sandukuni siku ya arobaini, ukasema tutaziona tukikua. Tulikua, hukuzitoa, nasi tulikuogopa kuuliza. Kisha ziwa likapanda, likaingia ndani, likachukua sanduku. Mimi nilikuwa na miaka saba mama alipofariki, na sura yake imenitoka. Zuhura hajawahi kuiona kabisa.

Alhamisi aliniambia, "Dada, nataka nimwone kabla sijaingia leba. Kama na mimi sitatoka, nisiende kukutana na mgeni."

Nilimkemea, nikamwambia afunge mdomo. Halafu nikaenda uani kulia.

Nikuungamie na jingine. Mkebe wako wa negativu, ile mikanda ya picha zote ulizopiga, niliuokoa kwenye yale mafuriko, ukiwa umejaa maji. Nikafanya nilivyolelewa kufanya: kitu kikilowa, anika. Nikazitandaza mchangani juani, karibu na dagaa wa jirani. Kufikia adhuhuri zilikuwa zimejikunja na kushikana, mchanga umeingia ndani. Harusi zote za mtaa wa Mwanga ulizopiga picha, watoto wote waliovalishwa viatu vya kuazima wapigwe picha, picha zao zote nilizikaanga kwa mkono wangu. Bahasha hii ilipona kwa sababu ilikuwa mfukoni mwa koti lako juu ya kabati, ingawa unyevu uliifikia.

Kwa hiyo leo nimejaribu kukumbuka ulivyokuwa ukifanya wewe pale studio yako ya picha. Kabla ya kutundika mikanda ulinyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale, ukafunga dirisha, ukavua shati, ukisema shati lina vumbi kuliko barabara. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika vibanio vya nguo, nikivikabidhi kimoja kimoja. "Shika pembeni," ulisema. "Uso wa mtu haushikwi." Ukikosea wewe mwenyewe ulijitukana kwa Kiha, ukidhani sisikii.

Nimenyunyiza sakafu. Maji ya bakuli nimeyachemsha, nikayachuja na kuyaacha yapoe, maana maji ya moto huyeyusha picha. Simu ya Zuhura ndiyo taa: skrini nyeupe, juu yake viberiti viwili, juu ya viberiti mfuniko mweupe wa ndoo ya plastiki, kwa sababu mkanda ukilala juu ya skrini yenyewe, vinukta vyake vinaingia kwenye picha. Simu yangu inaangalia chini kupitia tundu nililokata kwenye boksi la sabuni. Nimeitegea sekunde kumi ijipige yenyewe, maana mkono wangu siuamini. Jaribio la kwanza nilitumia kipande cha mkanda chenye picha ya pasipoti ya mzee nisiyemjua, nilichokikuta mfuko uleule wa koti, na lilitoka vizuri.

Sasa karatasi imeanza kuachia. Naweka kalamu chini. Niombee huko uliko.

Nimerudi, baba. Mkanda umeachia. Nimeushika pembeni, nikauacha ukauke chumba kikiwa kimefungwa, pumzi nimeibana kama mwizi. Kisha nikapiga, nikaiambia simu igeuze rangi, cheusi kiwe cheupe.

Mama akatokea. Ana mwanya. Paji la uso ni la Zuhura lote. Lakini kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na doa. Nimemgusa, niliwaza. Nimengoja miaka yote hii nije nimharibu mama.

Nikaikuza picha. Ni alama ya dole gumba, na katikati yake pana mstari uliolikata dole vipande viwili. Hilo kovu nalijua. Ni la kile kisu cha kukatia picha, na nililisikia kidevuni kila uliponinyoosha uso mbele ya kamera.

Uligusa, baba. Wewe uliyetukataza wote.

Nilitaka kulifuta doa, simu inaweza. Zuhura, aliyekaa karibu nami, akanizuia mkono. Akaisogeza simu karibu na uso wake, tumbo likipanda na kushuka, akasema, "Liache. Nataka kuwaona wote wawili."

Kesho saa moja tunaondoka. Picha iko kwenye simu yake, nyingine kwenye yangu, na mkanda nimeurudisha kotini mwako. Woga haujaniisha, sitakudanganya. Lakini atakapoingia mle ndani nitamshika mdogo wangu usoni, kwa mikono yote miwili.

Lala salama, baba.

Mimi Asha, binti yako mkubwa,
mshika vibanio wako