Ngombe za Papa Bahati

Siku ya tano, magaribi

Basi, Furaha hatapata ile burse ya kusoma universite, ya watoto wa wakimbizi wasio na kitu. Naandika hivi na ndani sisikii kitu, kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi.

Dosie yake tuliitayarisha vizuri, mimi na yeye, kule kwenye biro ya paroisi, Murara, ninakofanya kazi ya kusaidia wakimbizi. Mutoto ana akili, na diplome ya Leta, ya kumaliza sekondari, alishapata. Leo ilibaki tu kamati ya burse imuulize baba yake maswali. Papa Bahati ni mufugaji wa Masisi. Tangu vita imufukuze analala kwa shemeji yake, kule Kibati, hana hata kuku.

Mama wa kamati akamuuliza: “Muzee, uko na ngombe?”

Akanyoosha mugongo. “Niko nazo makumi tatu.” Akaanza kuzitaja kwa majina, moja moja, pamoja na rangi zake.

Nikasema haraka kwamba zote zilinyanganywa. Yule mama akanitazama kama mutu wa uongo, akakata jina la Furaha.

Huko nje nikauliza, “Lakini Papa, kwa nini?”

“Waliziiba, mama. Mimi sikuziuzisha. Ni zangu bado.”

Furaha alikuwa anamupanguza vumbi kwenye koti.

Nimerudi nyumbani, nimekula bugali, nimeosha sahani. Hata kukasirika…

Kesho inakuja familia ingine ya Masisi. Lazima nimuambie muzee wao mapema: wakikuuliza ngombe, sema hauna hata moja. Nimejaribu kuitamka hiyo sentensi peke yangu hapa mezani. Haitoki.